Pumba za Mpunga Zaweza Kutoa Umeme Bila Moto?

Wakati wa mavuno nenda kwenye mashine yo yote ya kukoboa mpunga, iwe ya Katindiuka au ya mjini Ifakara penyewe, ukatazame nyuma ya nyumba ya mashine. Utaona kilima. Ni kilima cha pumba, au makumvi kama wengine wasemavyo, yale maganda ya nje ya punje. Wachoma matofali huja kuchukua sehemu yao, wafuga kuku huchukua kidogo cha kutandika bandani, na kinachobaki hutiwa moto kikafuka moshi siku kadhaa, hata nguo zilizoanikwa kwa jirani zikanuka. Katika kila gunia la mpunga la kilo 100, kadiri ya kilo 20 ni maganda hayo. Hesabu mwenyewe ni magunia mangapi yanayokobolewa katika bonde la Kilombero kwa msimu mmoja, ndipo utakapojua ukubwa wa kilima chetu.

Sasa wako wataalamu katika vyuo vikuu vya Ulaya, Marekani, Japani, China na kwingineko wanaotafuta namna ya kupata umeme kutoka katika vitu vya aina hii bila kuvichoma kwa ndimi za moto. Chombo wanachokishughulikia kinaitwa seli ya fueli. Fueli ni kitu cho chote kinachowaka: kuni, mkaa, mafuta ya taa, gesi, spiriti. Na seli tunayotaka kuieleza leo ni ile iitwayo ya oksidi ngumu, yaani iliyotengenezwa kwa kauri. Usiyaogope majina hayo. Kama umewahi kumwona mama akichoma vyungu, mengi ya makala haya utayaelewa kuliko hata mtu wa mjini.

Lakini tuseme neno moja mapema. Makala haya si tangazo la biashara. Usitoke hapo ulipo kwenda kuuliza bei dukani.

Kuchoma na kutokuchoma

Kuni inapowaka, hewa ya oksijeni iliyomo katika upepo inaungana na kuni, na katika kuungana huko joto linatoka. Hiyo ndiyo habari yote ya moto. Tukitaka umeme kutokana na joto hilo inatubidi kuzunguka njia ndefu. Joto linachemsha maji, mvuke unasukuma gurudumu, gurudumu linazungusha mtambo, na mtambo ndio unaotoa umeme. Au mafuta yanalipuka ndani ya injini, injini inazungusha mtambo. Kila mahali tunapopita, kitu kinapotea. Ile jenereta ndogo ya petroli inayonguruma mbele ya duka au ukumbi wa harusi, katika nguvu yote iliyomo ndani ya petroli, inatoa umeme wa sehemu moja tu katika tano, au pungufu. Nyingine zote ni joto, moshi na kelele. Mwenye duka analipia lita tano, anatumia moja.

Seli ya fueli inakata njia. Ndani yake oksijeni na fueli hazikutani ana kwa ana. Kati yao umejengwa ukuta, na oksijeni inaruhusiwa kupenya ukuta huo kwa sharti moja: chaji za umeme zisipite pamoja nayo ukutani, bali zizunguke nje kwa waya. Hapo kwenye waya ndipo tunapoitega taa yetu, au redio, au friji ya chanjo. Hakuna gurudumu, hakuna kelele. Seli nzuri za kauri hugeuza nusu ya nguvu ya fueli kuwa umeme, na nyingine huzidi nusu, na joto linalobaki ni kali kiasi cha kufaa kwa kazi nyingine, kama kuchemsha maji ya hospitali.

Jambo hili ni la zamani kuliko unavyodhani. Mwaka 1838 mwalimu wa chuo kikuu cha Basel, katika nchi ya Uswisi, jina lake Christian Friedrich Schönbein, aliona kwamba hidrojeni na oksijeni zikiwekwa pamoja na vipande vya platini zaweza kutoa umeme. Mwaka uliofuata mwanasheria mmoja wa Wales, William Grove, naye akaonyesha jambo lilo hilo, kisha akatengeneza chombo kamili. Jina la Basel si geni Ifakara. Kutoka mji huo huo alikuja Profesa Rudolf Geigy, aliyeanzisha maabara ya utafiti wa magonjwa hapa Ifakara mwaka 1957, mbegu ya taasisi ya utafiti wa afya tunayoijua leo. Maabara ile ilikuja kutazama mbu na kupe, si umeme. Bali yapendeza kujua kwamba mji uliotuletea darubini ndio mji ulikoonekana umeme utokanao na hidrojeni na oksijeni bila moto wala gurudumu.

Na Waswisi hawakuishia hapo. Mjerumani Walther Nernst, katika miaka ya mwisho ya 1890, alitengeneza taa yenye kijiti cha kauri badala ya waya. Kijiti hicho kikiwa baridi hakipitishi umeme hata kidogo. Kikipashwa moto sana, kinapitisha na kung'aa. Mwaka 1937, katika mji wa Zürich, Emil Baur na mwenzake Preis walichukua kauri ya namna ile ile wakaitumia kuwa ukuta wa seli ya fueli, katika joto la nyuzi 1,000 hivi. Ilifanya kazi, ila kwa udhaifu: ukuta wao ulikuwa mzito kupitisha. Basi tangu mwaka huo mpaka leo, karibu miaka 90, watu wanashughulika na ukuta ule ule.

Ukuta wenyewe ukoje?

Udongo wake si wa mtoni. Ni unga mweupe uitwao zirkonia, uliochanganywa na kiasi kidogo cha unga mwingine uitwao itria. Unasagwa laini sana, unatandazwa, kisha unachomwa katika tanuri mpaka unakuwa kigae kigumu. Mafundi wa leo huweza kuufanya uwe mwembamba kuliko unywele wa kichwa. Upande mmoja wa kigae unapakwa kauri nyeusi yenye madini ya lantanamu. Huo ni upande wa upepo. Upande wa pili unapakwa mchanganyiko wa zirkonia na nikeli. Huo ni upande wa fueli. Kigae kimoja hutoa volti isiyofika moja, kwa hiyo hupangwa vingi, kimoja juu ya kingine, kama sahani kabatini.

Kisha chombo chote kinapashwa joto, kwa kawaida kati ya nyuzi 700 na 1,000. Katika joto hilo oksijeni inaanza kupenya kigae. Inapofika upande wa pili inakuta fueli, inaungana nayo, na umeme unapita wayani. Kinachotoka ni mvuke wa maji, na kama fueli ilikuwa na kaboni hutoka pia ile hewa ya ukaa tunayoitoa puani tukipumua. Masizi hayatakiwi kuwapo.

Hapa kuna jambo ambalo akina baba na akina mama wote walijue, hata wasiojali habari za umeme. Mkaa ukiwaka kwa hewa haba hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Ndiyo inayowaua watu waliofunga milango na madirisha usiku wa baridi wakalala na jiko la mkaa chumbani. Asubuhi wanakutwa wamekufa kama waliosinzia, na majirani wanaanza kunong'ona habari za uchawi. Si uchawi. Ni gesi hiyo. Usilale na jiko la mkaa ndani, wala usimwogeshe mtoto karibu nalo chumba kikiwa kimefungwa.

Nimeitaja gesi hiyo kwa sababu ziko seli za fueli za aina nyingine, zinazofanya kazi bila joto kubwa, na kaboni monoksidi huzidhuru kama inavyotudhuru sisi. Hizo zinataka hidrojeni safi, na hidrojeni safi haipatikani shambani. Lakini seli ya kauri, kwa ajili ya ukali wa joto lake, inaila kaboni monoksidi kama chakula. Gesi inayoua chumbani kwetu, kwake ni ugali. Hii ndiyo sababu mtu wa kijijini apaswa kuisikiliza habari ya seli hii kuliko zile nyingine, maana gesi inayotoka katika kuni, mkaa na pumba ina kaboni monoksidi nyingi.

Inafanya kazi wapi leo?

Huko Japani watu wameweka mashine za seli ya fueli kando ya nyumba zao tangu mwaka 2009. Zimekwisha uzwa zaidi ya laki nne, na baadhi yake, tangu mwaka 2011, ni za kauri. Zinakula gesi ya mjini iletwayo kwa bomba, zinatoa umeme, na joto lake linapasha maji ya kuoga. Huko Marekani, kampuni ya Bloom Energy ilionyesha masanduku yake ya seli za kauri mwaka 2010, na sasa yanatumika kwenye majengo makubwa na nyumba za kompyuta zinazokula umeme usiku na mchana. Watoto watapenda kusikia pia kwamba chombo hiki kinaweza kugeuzwa kikafanya kazi kinyumenyume. Tarehe 20 Aprili, 2021, chombo kilichopelekwa kwenye sayari ya Mirihi kiliingiziwa umeme na hewa ya huko, ambayo ni hewa ya ukaa, nacho kikatoa oksijeni kadiri ya gramu 5. Ukuta wake ulikuwa wa kauri ya namna hii hii.

Huenda utauliza: ikiwa imefika Mirihi, yashindwaje kufika Katindiuka?

Kinachoizuia

Sababu ya kwanza ni fedha, na hiyo hatuna haja ya kuieleza sana. Zile mashine za Japani zilinunuliwa kwa msaada wa serikali yao.

Sababu ya pili aijua kila mfinyanzi. Chungu kikipashwa moto kwa ghafula kinapasuka, na kikitolewa motoni na kuwekwa penye upepo wa baridi kinapasuka pia. Seli ya kauri ni hivyo hivyo. Kuiwasha kutoka baridi hadi nyuzi 800 huchukua saa nyingi, na kuizima vile vile. Kigae kimoja kikipata ufa, gesi inapenya, inaungua mahali pasipopasa, na vigae vya jirani vinafuata. Kwa hiyo seli hizi zapenda kuwashwa zikaachwa hivyo miezi na miezi. Mtu anayetaka taa saa mbili za jioni tu, seli hii haimfai. Hospitali, kiwanda au mnara wa simu, ambao haulali, waweza kufaana nayo. Katika vyuo vikuu sehemu kubwa ya kazi ya miaka hii ni kutafuta kauri itakayotosheka na nyuzi 500 au 600, maana kwa joto hilo mtu aweza kutumia chuma cha kawaida kuizungushia, na hatari ya kupasuka inapungua.

Sababu ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi: uchafu wa fueli. Ile nikeli ya upande wa fueli ina adui wawili. Wa kwanza ni salfa. Unaijua harufu ya yai viza. Hiyo ndiyo salfa katika umbo la gesi, na imo katika gesi inayotokana na samadi. Hata ikiwa kidogo sana, sehemu chache tu katika milioni, inaishika nikeli na kuilemaza. Adui wa pili ni masizi. Fueli yenye kaboni nyingi ikiingia bila mvuke wa kutosha, nikeli inajaa weusi kama sufuria ya kwenye mafiga, mpaka inavimba na kumeguka. Na gesi ya pumba au kuni ina adui wa tatu, ule utomvu mweusi kama lami unaouona ukichuruzika kwenye dari la jiko la kuni. Ukiingia kwenye seli, kazi imekwisha.

Basi ukitaka kuwaelewa wataalamu wa seli za kauri na fueli mbadala, usiwafikirie kama watu waliojifungia na vyombo vya kung'aa. Kwa sehemu kubwa wanafanya kazi ya kusafisha jiko.

Na kazi hiyo ya kusafisha inafanyika hata hapa kwetu Tanzania. Huko Arusha iko Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyofungua milango mwaka 2011. Watafiti wake walichapisha mwaka 2020 habari za kusafisha biogesi, yaani gesi ya samadi, kwa kuipitisha katika mwamba mwekundu uliosagwa. Wekundu wa mwamba huo ni wa chuma, kama wekundu wa kutu, na chuma hushika salfa. Waliona kwamba mwamba huo ukichomwa kwanza katika moto mkali unanasa salfa vizuri zaidi. Wenzao wa taasisi hiyo hiyo walijaribu mkaa wa magugu maji, yale yanayosumbua wavuvi wa Ziwa Victoria. Hawakufanya hayo kwa ajili ya seli za kauri hasa, kwani gesi yenye salfa huozesha hata majiko na injini. Lakini gesi safi ni gesi safi. Atakayeleta seli Afrika ya Mashariki atapita kwanza mlangoni kwa watu wa kazi hii.

Madini nayo yapo nyumbani. Nikeli iko Kabanga, wilayani Ngara, na akiba yake yatajwa miongoni mwa zilizo bora duniani ambazo bado hazijachimbwa. Lantanamu imo katika kilima cha Ngualla, mkoani Songwe. Sijui kama yuko kijana wa shule ya sekondari aliyekwisha kuambiwa kwamba madini ya Ngara na ya Songwe yakikutana juu ya kigae kimoja hutoa umeme. Kama hajaambiwa, mwambie wewe.

Kilima cha pumba kina thamani gani?

Tufanye hesabu ya kalamu. Pumba zikichomwa nusu-nusu katika pipa lililobanwa hewa, kama afanyavyo mchoma mkaa katika tanuri lake, haziishi kwa kuwaka bali hutoa gesi. Gesi hiyo ikisafishwa na kuingizwa katika injini, kilo moja na nusu hadi mbili za pumba hutoa uniti moja ya umeme. Njia hiyo ya injini si ndoto, imekwisha tumika katika nchi nyingi za mpunga, hasa India. Basi gunia moja la mpunga, lenye kilo 20 za pumba, latoa kama uniti 10. Hizo zatosha kuwasha taa moja ya wati 10 kwa saa 1,000. Badala ya injini ikawekwa seli ya kauri, na gesi ikawa safi kweli kweli, uniti hizo zingekaribia kuwa 20. Hiyo ndiyo faida inayotafutwa: kutoka katika kilima kile kile, taa mara mbili.

Usidhani majivu yanatupwa bure. Majivu ya pumba ni kadiri ya sehemu moja katika tano ya uzito wake, na karibu yote ni silika, jamaa ya mchanga na kioo. Mafundi wa saruji huyataka.

Ukipanda kaskazini mpaka Kidatu utakuta fueli nyingine. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kinachoma makapi ya miwa na kujipatia mvuke na umeme wake. Na ile molasi, uji mweusi unaobaki sukari ikiisha kuganda, tangu mwaka 2013 inapelekwa katika kiwanda cha kando yake kutengeneza spiriti. Spiriti hiyo inakwenda hasa kwa watengenezaji wa vinywaji. Sasa sikia kilichofanyika Brazili, nchi ya miwa kama Kidatu ila kwa ukubwa usio na mfano. Mwezi wa Agosti 2016 kampuni ya Nissan ilionyesha huko gari dogo la mizigo lenye seli ya kauri ya kilowati 5. Dereva anajaza tangi la lita 30 za spiriti ya miwa. Seli inaigeuza kuwa umeme, umeme unajaza betri, betri inaendesha gari. Walisema laweza kwenda zaidi ya kilomita 600, na spiriti yaweza hata kuchanganywa na maji, maana seli yenyewe yahitaji mvuke. Gari hilo lilikuwa la majaribio. Hata hivyo ni ajabu kufikiri kwamba roho ya gongo, iliyokausha mifuko ya watu wengi na kuvunja nyumba zao, yaweza kumfikisha mtu salama kutoka Ifakara mpaka Dar es Salaam. Wapika gongo wasiifanye habari hii kuwa ruhusa.

Na mkonge je? Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kupata gesi kutoka katika makapi ya mkonge, ukaanza kazi miaka ya 2007 na 2008. Katika jani la mkonge nyuzi ni sehemu 4 tu katika 100, au chini ya hapo. Zilizobaki zote zilikuwa zikimwagwa. Gesi ya Hale iliendesha injini ya kawaida, lakini ni aina ile ile ya gesi ambayo seli ya kauri huila, ikiisha kuondolewa salfa.

Usingoje seli ndipo upike

Hapa nataka kusema na wenye nyumba. Mitambo midogo ya biogesi ya samadi imejengwa nchini kwa muda mrefu. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kilianza kazi hiyo katika miaka ya 1980, na tangu 2009 ulikuwapo mpango wa taifa uliojenga maelfu. Mwenye ng'ombe wachache wa kufungwa zizini, na maji karibu, aweza kupika kwa gesi hiyo bila kungoja profesa ye yote. Mwezi wa Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa kutaka watu 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Kati ya mambo yote tuliyoyataja leo, hili la samadi ndilo lililo karibu na mlango wako. Seli ya kauri ikija baadaye, itaikuta gesi iko tayari.

Wengine watauliza haja ya haya yote ni nini, hali bonde letu lina maji. Ni kweli: Kidatu imetoa umeme tangu 1975, nayo ina megawati 204, Kihansi, kwenye mteremko wa Udzungwa, ina 180, na mto wetu ndio unaolisha kwa wingi bwawa jipya la Julius Nyerere kule Rufiji. Lakini mvua ikikataa, mabwawa hukataa nayo. Taifa liligawana umeme kwa zamu mwaka 2006, na tena mwishoni mwa 2022. Pumba zipo hata mwaka wa mvua haba, maadamu mpunga umevunwa kidogo.

Mgeni akija na mbegu

Neno la fueli mbadala limekwisha kufika vijijini kwetu mara moja, na halikuja na kauri bali na mbegu. Ni mbono, ule mti wa makaburini na wa uani. Katika miaka ya 2000 mafuta yake yalisifiwa dunia nzima kwamba yatachukua mahali pa dizeli. Huko Kisarawe kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizotoka katika vijiji 11. Mwaka 2011 kazi ilisimama, wafanyakazi wakarudi nyumbani, na wanavijiji wakabaki wanauliza habari za ardhi na za visima walivyoahidiwa. Mbono wenyewe ulikuwa umewadanganya wengi: huota po pote, lakini penye udongo mbaya hauzai cha kutosha.

Tofauti ya mbono na pumba ni hii. Pumba hazihitaji ekari hata moja ya nyongeza. Wala makapi ya miwa, wala samadi. Mtu akija kijijini na habari za fueli mpya, kwanza mwulize kama anataka takataka yako au anataka shamba lako. Akitaka takataka, zungumzeni bei, na msimpe bure kwa sababu jana mlikuwa mnaichoma. Tangu alipoitaka imekuwa mali. Mwenye mashine na mwenye mpunga wapatane mapema pumba ni za nani, maana leo haziulizwi na mtu lakini siku ya fedha wataulizana.

Akitaka shamba, mambo ni mengine. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inautaka mkutano mkuu wa kijiji usikilizwe, si mwenyekiti peke yake na muhuri wake. Hapo mkutanoni mwulizeni mgeni mambo haya. Mtambo kama huu unafanya kazi wapi sasa, na nani kati yetu aweza kwenda kuuona? Gesi yenu mnaisafisha kwa nini, na ule uchafu unaobaki mtaumwaga wapi? Kazi ikisimama katika mwaka wa tatu, ardhi inarudi kwa nani, na imeandikwa wapi? Na karatasi hiyo ya mapatano, je, iko kwa Kiswahili?